Muulize Fundi: Santuri inaimba kama imelewa

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Kigoma, Mwanga. Shemeji alirudi toka Marekani akaniletea pleya ya santuri ya kizamani, ina mpaka mfuniko wake, nikanunua na transfoma ya kushusha umeme kama alivyonielekeza. Sasa marehemu mzee aliniachia santuri zake za Tabora Jazz na za Wakongo, nikiweka mwimbaji anaimba kama kalewa, sauti nzito inavutika. Nikihamishia mwendo wa 45 inakimbia. Fundi redio wa hapa akasema mkanda umelegea, akanikatia mpira wa tyubu ya baiskeli, ikawa inayumba kabisa. Nikaagiza mkanda mpya Dar, bado vilevile. Na sindano ilikuwa inaruka, nikaiwekea shilingi mia juu ya kichwa ndo ikatulia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma nenda kaitoe hiyo shilingi mia, maana kila ukipiga santuri ya mzee sindano inalima.

Haya, mkanda umeonewa bure. Geuza pleya usome kibandiko cha chini, naamini utakuta 120V 60Hz. Sisi umeme wetu ni volti 230, hezi 50, yaani unageuka mara 50 kwa sekunde. Transfoma inashusha volti tu, hezi haigusi, na mota nyingi za pleya za zamani zinafuata hezi, volti haiziongezei mwendo. Kwa hiyo kwako inazunguka tano ya sita ya mwendo wake. Hakikisha mwenyewe: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka mwendo wa 33 (mizunguko 33 na theluthi kwa dakika), washa saa ya simu, hesabu kwa dakika 3. Pleya nzima inatoa mizunguko 100, yako itatoa kama 83. Na hiyo 45 kwako ni 37 na nusu, ndo maana santuri ya 33 inakimbia na ile ndogo ya 45 nayo inaburuzika, yaani huku hakuna na kule hakuna.

Dawa yake ni puli, kile kidude cha mota kinachovuta mkanda. Inatakiwa nene zaidi kwa moja ya tano, ya milimita 10 iwe 12, ngazi zote mbili, ya 33 na ya 45. Ulizia ya hezi 50 ya modeli hiyohiyo, ukikosa mpelekee mchonga vyuma mwenye mashine ya kukerezea umpe na ya zamani apimie, na mwambie tundu likae katikati kabisa, likienda pembeni kidogo tu sauti itayumba kama ule mpira wa baiskeli. Kuna wanaozungushia selotepu. Inasogeza siku, ila mimi siipendi. Ukikuta mota yako ni ya DC, yaani ya umeme kama wa betri, achana na haya yote, hiyo ina kiskrubu chake cha mwendo.

Kuruka kwa sindano ni mkono haujapimwa. Weka antisketi (kile kidude kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri) sifuri, toa kifuniko cha sindano, zungusha uzito wa nyuma polepole mpaka mkono uelee wenyewe hewani, haupandi haushuki. Hapo shika uzito usisogee, geuza pete yenye namba peke yake isome 0. Sasa zungusha vyote pamoja mpaka 2, hizo ni gramu, antisketi nayo 2. Vichwa vingi vya sumaku vinakaa kati ya 1.5 na 2.5. Ikiwa bado inaruka, sindano imekwisha au imejaa vumbi, futa kwa brashi laini toka nyuma kuja mbele, usithubutu kinyume chake.

SWALI: Pleya inavuma mmmm, nikigusa mkono wake wa chuma mvumo unapungua. (Isevya, Tabora)

JIBU: Waya wa ethi huo. Ni ule mwembamba unaotoka na zile nyaya mbili za sauti, watu wanauacha unaning'inia wakidhani ni wa ziada. Ufunge kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya. Kama haina, zima umeme, legeza skrubu yoyote ya boksi lake la chuma ubane hapo, ila kwangua rangi kwanza.