Hita ya MGB: Tafuta Iliyochakaa Lakini Kamili

Gari la zamani ambalo mtu alilifungua, akachoka, kisha akaliuza likiwa nusu kwenye maboksi, halikosi mapengo. Kwenye MGB niliyoifufua, gari dogo la michezo la Kiingereza, pengo kubwa lilikuwa hita, yaani kifaa cha kupasha joto ndani ya gari. Kasha lilikuwepo na mota ilikuwepo, basi. Vali ya maji haipo, kebo hazipo, mipira ya kupeleka hewa kwenye kioo haipo, na njia ya maji mtu alishaiziba kwa bolti iliyobanwa na klipu.

Ushauri wangu nautoa mapema: usikimbilie kununua spea moja moja. Tafuta hita nyingine nzima, hata kama imeshika kutu, mradi haijaguswa na mtu.

Vitu vikubwa vya hita ya MGB si tabu kuvipata. Gari hili lina wapenzi wengi, na vali, kirejeta cha ndani (rejeta ndogo ya hita yenyewe) na hozi bado vinatengenezwa upya. Kinachokusimamisha ni vidude ambavyo hakuna anayeviweka kwenye orodha. Kuna kijipini kwenye mkono wa vali: kina tundu upande mmoja, waya wa kebo unapita hapo, halafu skrubu ndogo inaubana. Usipokuwa nacho, vali yako mpya ni pambo tu, kwa sababu swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi haina cha kuvuta. Hali ni hiyohiyo kwa klipu za chuma zinazoshika mfuniko wa kasha, na kibano kinachoshikilia ganda la nje la kebo lisiteleze. Ukiwa na hita nzima mezani unaviona vyote mahali pake, unavipiga picha, na vingine unavihamisha vilevile.

Lakini kabla hujatoa pesa, hakikisha gari lako lilitoka kiwandani na hita. MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na kwa magari ya mwanzo hita ilikuwa kitu cha kulipia zaidi. Asiyeitaka alipewa gari lenye kibati kilichofungwa kwenye silinda hedi, pale ambapo vali ingekaa. Kwa hiyo ukikuta kibati safi cha namna hiyo, huenda hakuna kilichoibwa. British Motor Industry Heritage Trust, iliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitoka kiwandani na vifaa gani. Kama unarejesha gari kwenye uasili wake, anza na cheti hicho. Kama unataka tu kioo kisishike ukungu mvua ikinyesha, weka hita na usiombe ruhusa kwa mtu.

Kirejeta cha ndani ukikipata cha zamani, usikitupe kwa sababu ya sura. Kizibe upande mmoja, kizamishe kwenye ndoo ya maji, halafu puliza hewa kidogo kidogo upande wa pili. Usikipulizie presha yote ya kompresa, utakipasua mwenyewe. Mapovu yakitoka kwenye maungio, fundi wa rejeta anayejua kulehemu kwa risasi atakiziba. Yakitoka katikati ya mapezi, nunua kipya, maana hapo shaba imeshaliwa.

Vali mpya nazo msiziamini kwa kuwa zimekuja kwenye boksi. Ipulize kwa mdomo ikiwa imefungwa, isogeze mkono wake mara kadhaa, upulize tena. Inayopitisha hewa mezani itapitisha maji kwenye injini. Sehemu inapokalia kwenye silinda hedi isafishe hadi chuma king'ae, weka gasketi mpya, na kaza nati kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Gasketi kuukuu na vipande vya kuzuia joto visisuguliwe vikiwa vikavu, kwani vya enzi hizo vinaweza kuwa na asbesto. Vilowanishe kwanza.

Mota ina mtego wake. MGB za mwanzo, kabla ya toleo la Mark II lililokuja mwishoni mwa 1967, zilifungwa betri kwa mtindo wa chanya kwenye bodi, yaani upande wa chanya wa betri ndio ulioungwa na bodi ya gari. Wenye magari wengi wamezigeuza kuwa hasi, na mota zenye sumaku ya kudumu zikigeuziwa umeme huzunguka kinyume. Kinachodanganya watu ni kwamba feni ya aina hii ikizunguka kinyume haivuti hewa kurudi nyuma. Inaendelea kupuliza upande uleule, ila kwa unyonge. Unaweza kununua mota nyingine na kulaumu muuzaji bure, wakati dawa ni kuzibadilishia nafasi waya mbili za mota.

Sasa kuna kitu ambacho hakiitwi hita lakini kikikosekana utaichukia hita yako: mpira wa kutoa maji. Hewa ya hita inaingilia kwenye wavu ulio mbele ya kioo, na mvua inaingilia hapohapo. Maji hayo yanatakiwa kushuka kwa mpira hadi chini ya gari. Usipokuwepo, au ukijaa majani, maji yanapanda na kuishia miguuni mwako, nawe unabaki kushuku kirejeta. Maji ya mvua hayana utelezi wala harufu tamu ya maji ya rejeta, kwa hiyo yashike kwa vidole na uyanuse kabla ya kufungua chochote. Mpira huu na sponji za kuzibia kasha nunua vipya tu.

Kasha lirudishe mahali pake wakati dashibodi bado iko nje. Mipira ya kwenda kwenye kioo inapita nyuma yake, na kuisukuma huko kwa kupapasa, kichwa kikiwa chini ya usukani, ni adhabu.

Unapojaza maji, acha vali ya hita wazi, kwa sababu hita imekaa juu na hewa hupenda kunasa huko. Washa injini, ngoja ipate moto, kisha gusa hozi zote mbili za hita. Moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, hewa bado imo au njia imeziba. Injini ikishapoa, ongeza maji na upitie vibano vyote vya hozi kwa bisibisi, maana mpira mpya hulegea kidogo baada ya kupata joto.