Goti jipya linahitaji paja lenye nguvu

Ndugu wakija kunijulia hali, swali la kwanza huwa goti linakunja kiasi gani. Mimi nawajibu kwa habari za paja. Goti langu la kulia limebadilishwa, na ninachotaka mwenzangu anayejiandaa kwa upasuaji huu akijue mapema ni hiki: daktari hukupa kiungo kipya, lakini msuli wa kukibeba utaujenga mwenyewe.

Msuli wa mbele ya paja hupungua nguvu sana mwezi wa kwanza. Kwa wengi hufika nusu ya uliyokuwa nayo kabla ya upasuaji. Si uvivu. Goti likivimba, mishipa ya fahamu huuzuia msuli usikaze: unauamuru, hautii. Kwa hiyo kupunguza uvimbe nako ni kujenga nguvu. Inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye taulo kwa dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha ngozi.

Zoezi la kuanzia linaonekana dogo mno, ndiyo maana watu hulidharau. Lala chali, mguu umenyooka, taulo lililoviringishwa likiwa chini ya kisigino. Sukuma goti kuelekea godoroni, kaza paja, hesabu hadi 5, achia. Rudia mara 10, na ulirudie zoezi hilo mara kadhaa kwa siku. Weka kiganja juu kidogo ya goti: siku za mwanzo utasikia mtetemo tu, baadaye msuli unajikusanya na kuwa mgumu chini ya vidole. Mto chini ya goti ukatae, hata akikuletea mama mzazi. Unaliwaza, ni kweli, lakini goti linalozoea kukaa limekunjwa huwa gumu kunyooka, na lisiponyooka utachechemea.

Paja likianza kutii, inua mguu uliopasuliwa ukiwa umenyooka. Goti likilegea njiani, rudi kwenye zoezi la kwanza bila haya.

Halafu kuketi na kusimama, zoezi ninalolipenda kuliko yote. Anza na kiti kirefu chenye mikono. Mwili utakukwepesha: uzito wote utahamia mguu mzima, yaani usiopasuliwa, nawe usitambue. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinielekeza niusogeze mguu mzima mbele kidogo, ule uliopasuliwa ubaki nyuma ufanye kazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutembea peke yake hakutoshi, kwa sababu ukitembea unaweza kuukwepa mguu huo kutwa nzima.

Kwenye ngazi, panda ukianza na mguu mzima, shuka ukianza na uliopasuliwa. Fimbo ishike kwa mkono wa upande usiopasuliwa. Na kula: mayai, maharage, dagaa. Msuli haujengwi kwa chai na mkate.

Maumivu ya kunyoosha msuli yanavumilika. Lakini kigimbi kikiuma na kuvimba, kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, ni dharura, usingoje hata kidogo. Huenda ni damu iliyoganda.

Nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima na zaidi. Siku utakapoambiwa kliniki imetosha, omba uandikiwe mazoezi ya miezi inayofuata, pamoja na namna ya kuongeza uzito.