Kibaraza kimezama upande wa ukuta: fuata maji kabla ya kununua saruji

Mleta mada, nimekuelewa hivi: nyumba ipo Kange, Tanga, ina miaka mitano, kibaraza cha nyuma kimezama kama sentimita 4 upande unaogusa ukuta, mvua ikinyesha maji yanarudi kwenye msingi, na fundi anataka kupiga plasta juu ili kusawazisha. Mwambie asubiri kwanza.

Kilichoshuka ni udongo, zege limeufuata tu. Mtaro wa msingi huchimbwa mpana kuliko ukuta, na pengo linalobaki hufukiwa kwa chochote kilichopo kiwanjani: udongo uleule, vipande vya tofali, mifuko mitupu ya saruji, hata mizizi. Saidia fundi anaukanyaga kwa miguu, jamvi (zege la sakafu) linamwagwa. Kifusi hicho kitatulia masika mawili matatu, kisha kinaanza kushuka. Ndiyo maana kibaraza kimezama ukutani. Ukingo wa nje umelalia ardhi ya asili.

Sasa piga hesabu ya hiyo plasta. Tabaka linaloanza na sentimita 4 ukutani na kuisha sifuri nje lina wastani wa sentimita 2, kama kilo 40 kwa kila mita ya mraba. Unaubebesha mzigo huo udongo ulioshindwa kubeba zege la awali. Na kule linakokwisha jembamba kama chapati, halidumu, litabanduka.

Anza na maji. Hukusema kama una gata (mfereji wa kukinga maji ya paa), na hili ndilo ningeuliza kabla ya yote. Upande wa paa wenye mita 10 kwa 5 ukipata mvua ya milimita 20 unamwaga lita 1,000. Bila gata, kila mita ya ukingo inapokea lita 100, ndoo tano kubwa, mahali palepale, mvua moja tu. Weka gata, na bomba la kushushia maji liyatoe angalau mita moja na nusu mbali na ukuta. Halafu kagua mabomba: funga koki zote usiku, soma mita, soma tena alfajiri kabla mtu hajatumia maji. Ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja, na huenda liko chini ya hicho hicho kibaraza. Chungulia pia chemba ya majitaka. Maji yaliyosimama humo maana yake njia imeziba au karo limejaa, na majitaka yanatafuta pa kutokea.

Panya buku nao wasisahaulike. Tundu pembeni ya zege lenye kichuguu cha udongo mpya mbele yake linaweza kuwa mdomo wa handaki refu. Watu wengine Tanga husingizia mapango, kwa sababu ya mapango ya Amboni yaliyo karibu na mji. Kweli mapango yale yako kwenye mawe ya chokaa, lakini kuzama kwa sentimita 4 kandokando ya ukuta ni kazi ya kifusi. Kinachotisha zaidi ni shimo la choo cha zamani lililofukiwa, hasa kwenye viwanja vya mitaa ya zamani kama Ngamiani. Ukiona zege linabonyea kwa umbo la duara, mbali na ukuta, usimruhusu mtu kusimama juu yake. Livunjwe kutokea pembeni.

Kisha gonga zege lote kwa kipande cha nondo, kila sentimita 30. Panapolia kama ngoma pana uwazi chini. Chora mpaka wake kwa chaki. Nyufa ziwekee alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake. Ukuta wenyewe ukiwa na ufa wa ngazi unaofuata tofali, au milango imeanza kukwama, hapo suala si kibaraza tena. Ita mhandisi.

Ukishamaliza kupima, njia ziko tatu. Zege likiwa halijapasuka, na limegawanywa kwa mistari kuwa vipande vidogo, linainuliwa. Kipande cha mita 1.2 kwa 1.2, unene sentimita 10, kina kilo 345 hivi. Kuinua ukingo mmoja ni nusu yake, kama kilo 173. Mtaimbo wa mita 1.5 ukiegemea jiwe lililo sentimita 15 kutoka ncha unapunguza nguvu mara tisa: unasukuma kwa kilo 20 tu. Kila kinapopanda, chomeka kipande cha tofali, na mkono wa mtu usipite chini hata sekunde moja. Chini yake sukumia mchanga uliochanganywa na saruji, moja kwa kumi, wenye unyevu tu, ukishindilia kwa mti.

Zege likiwa bado liko sawa ila lina uwazi chini, toboa matundu ya sentimita 4 kila baada ya sentimita 60, ziba kingo kwa udongo wa mfinyanzi, kisha kwa faneli ya chupa ya maji iliyokatwa mimina uji wa saruji moja kwa mchanga laini uliochekechwa minne, ukianzia upande wa chini, hadi utokee tundu la jirani. Kesho yake ongeza, maana hunywea. Uelewe tu kwamba uji wa kumimina unajaza, hauinui. Kule Marekani wanainua kwa pampu zenye msukumo au kwa povu la poliyurethani. Faneli yako ya chupa haina uwezo huo.

Kwa maelezo yako, na kama ukigonga unasikia ngoma urefu wote wa ukuta, vunja. Ni rahisi kuliko kubembeleza.

Vunja kwa nyundo kubwa, vipande viwe saizi ya ngumi uvitumie tena kama mawe ya chini. Toa kifusi hadi udongo mgumu, kwa kawaida sentimita 30 hadi 40. Kipimo cha haraka: sukuma nondo ya milimita 12 kwa mikono, ikizama zaidi ya sentimita 10 bila kutumia nguvu, endelea kuchimba. Rudishia moramu (udongo wenye changarawe) kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Finyanga moramu mkononi: ishike umbo, ukiibana ivunjike vipande viwili, kiganja kisilowe. Ikitiririsha maji, iache ipungue unyevu. Kishindilio cha bure: kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege, bomba la inchi moja katikati, zito kama kilo 10. Piga hadi sauti ya bubu igeuke kavu na kopo liruke. Usimwage maji mengi ukidhani yatashindilia. Kwenye mfinyanzi unatengeneza tope tu.

Zege: mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba, maji lita 25 hivi, yapungue zaidi kama mchanga umelowa. Kibaraza cha mita 6 kwa 1.2, unene sentimita 10, kitakula mifuko minne na nusu, nunua mitano. Mchanga wa ufukweni uache ulipo, chumvi yake inaleta unyevu na kula nondo. Wa mto nao upime: tia sentimita 10 za mchanga kwenye chupa yenye maji, tikisa, acha usiku. Tope la juu likizidi sentimita 1, uoshe au ukatae.

Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje, na uso wa kibaraza ubaki sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Kati ya zege na ukuta weka kipande cha stairofomu cha milimita 10 kabla ya kumwaga. Usilifunge zege kwenye ukuta kwa nondo, kwani likishuka tena litavuta msingi. Kila mita 1.2 kata mstari wa kina cha sentimita 2.5, ufa utokee hapo unapotaka wewe. Funika kwa magunia yenye maji siku saba. Baadaye ng'oa ile stairofomu sentimita 2 za juu, ujaze lami, maana pengo hilo likiachwa wazi maji ya masika yanarudi chini kwa njia ileile.

Kwa hali ya Tanga fanya kazi hii Juni hadi Septemba. Ukianza Oktoba, vuli itakukuta shimo liko wazi kando ya msingi.