Kabla ya Kufunga Gunia la Msaada, Piga Simu

Masika ya 2024, mto Nyando ulipovunja kingo, jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki hapa Manyatta, Kisumu, ilichanga nguo. Magunia manne. Tukayapakia kwenye matatu hadi Ahero, kulikofurika, tukiimba njia nzima.

Gunia la kwanza lilipofunguliwa kikatoka kiatu cha kisigino kirefu, cha mguu wa kushoto. Mwenzake hayupo. Mama mmoja akakigeuzageuza, akaniuliza, "Mwanangu, nivukie tope na hiki?" Wote wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa chini ya maji. Walichohitaji ni sufuria, dawa ya kutibu maji, sodo, na majembe ya siku maji yatakapopungua. Hatukuwa tumemuuliza mtu.

Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1987, katika waraka wake *Sollicitudo Rei Socialis*, kwamba mshikamano si huruma ya juu juu. Ni nia thabiti ya kujitoa kwa manufaa ya wote. Huruma tulikuwa nayo tele. Nia thabiti ingeanza na simu ya shilingi kumi.

Kwa hiyo siku hizi hatuchangi kabla mmoja wetu hajazungumza na watu wenyewe. Kwa walio mbali, kama waliokimbia vita Sudan, tunatoa pesa kupitia walioko huko. Blanketi zikae nyumbani.

La pili: panga safari ya kurudi. Papa Fransisko, katika waraka wake *Fratelli Tutti* alioutia saini Assisi tarehe 3 Oktoba 2020, anatenga sura nzima kwa Msamaria Mwema. Yule hakuishia kumpaka majeruhi mafuta na divai. Alilipia nyumba ya wageni, akaahidi kupitia tena. Sisi wengi huishia kwenye mafuta, na picha ya WhatsApp.

Safari ya pili tulikwenda na akina mama wa msikiti wa jirani, wenye sufuria kubwa za harusi. Wachache walinung'unika. Nikawakumbusha kwamba Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, kituo kikuu cha elimu ya Kiislamu kule Misri, Ahmad al-Tayyeb, walitia saini hati ya udugu Abu Dhabi mwaka 2019. Sisi tutashindwa na sufuria?

Agosti tulirudi tena. Yule mama wa kiatu akatufungia kunde za shamba lake. Mwenzangu akaanza kukataa, eti tusimpunguzie. Nikamkanyaga mguu, nikapokea kwa mikono miwili.