Siku ya kuzaliwa ya mwenza wako: agizeni chakula cha meza nzima

Kama unapanga kumtoa mkeo au mumeo siku yake ya kuzaliwa hapa Mbeya, mimi nakushauri mgahawa wa Kihindi au wa Kichina. Chipsi kuku ni tamu, siikatai, lakini kila mtu anainamia sahani yake, anamaliza, anashika simu. Kwa Wahindi na Wachina mabakuli huwekwa katikati. Mnapakuliana, mnaulizana hiki umekionaje, na maongezi yanakuja yenyewe. Mimi na mama watoto tunaongea zaidi kwenye meza ya namna hiyo kuliko mahali pengine popote.

Kwa hiyo msiagize kila mtu chake. Kwa watu wawili, mchuzi mmoja wa kuku au mbuzi, sahani moja ya mboga au dengu, wali kidogo na naan mbili, ile mikate bapa ya Kihindi, vinatosha kabisa. Naan iagizwe mwishoni, kwa sababu inanoga ikiwa imetoka tanurini sasa hivi. Ikipoa inakuwa ngumu, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai inapoa upesi kweli. Kwa Wachina, anzeni na supu ya kuku na mahindi. Usiku wa kipupwe, hiyo supu peke yake ni zawadi.

Pilipili iulizie mapema. Mwenza wako akisema anapenda pilipili, huenda anamaanisha ile ya kachumbari, na ya jikoni kwa Wahindi ni nyingine. Ikimzidi, usimkimbizie maji, maana ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Mwagizie mtindi au lasi, kinywaji cha Kihindi cha mtindi, maziwa ndiyo yanayoutuliza. Na kama kuna kitu kinamdhuru, mwambie mhudumu kabla ya kuagiza: mchuzi wa korma mara nyingi husagiwa korosho, na sosi ya soya kwa kawaida ina ngano na chumvi nyingi, jambo la kuangalia kwa mwenye presha.

Piga simu mchana. Uliza kama wanaruhusu keki ya kutoka nje, uliza kama bei za kwenye menyu zimeshajumlisha VAT, na omba meza iliyo mbali na mlango. Hili la mlango, watu wa Dar hawalielewi, ila aliyewahi kukaa Uyole au Forest usiku wa Julai analijua. Nendeni saa moja jioni, kabla jiko halijaelemewa. Watoto waacheni kwa shangazi yao. Sherehe yao na keki ifanyike nyumbani kesho yake.

Halafu ile desturi ya kummwagia maji mwenye siku yake. Marafiki wakikuomba uwape saa na mahali ili waje na ndoo, kataa. Mtu amesuka, amevaa gauni jipya, nje kuna baridi ya kuumiza mifupa, na njia ya kurudi ni bajaji iliyo wazi pande zote. Wakitaka kumpongeza, waje wakae mezani, waongezewe naan.

Bili ilipe ukienda kunawa mikono, ili yeye asiione kabisa.