Usishushe hiyo injini! Pima kompresheni upya, aksileta ikiwa wazi mpaka mwisho

Mkuu, rudisha spana kwenye boksi kabla hujagusa nati hata moja ya silinda hedi. Umesema pikipiki yako ya theluji, injini ya mipigo miwili yenye silinda mbili, inasoma kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ya psi 85 kila upande, kwamba ulivuta kamba bila kugusa aksileta, na kwamba fundi ameshatoa hukumu: pistoni na ringi (pete zinazoziba pembeni mwa pistoni) zimekwisha. Sikiliza. Hiyo 85 haijasema lolote kuhusu ringi zako. Ulipima injini iliyozibwa pua.

Kwenye mipigo miwili hewa inapita kabureta, inaingia chini kwenye chumba cha krenki, ndipo inapandishwa kwenye silinda. Aksileta ikifungwa, kinachopita ni kile kidogo cha kuifanya injini ingurume pikipiki ikiwa imesimama. Pistoni inabana kile ilichopewa tu. Ipe hewa kiduchu, geji itasoma kiduchu, hata kama ringi zimetoka dukani leo.

Mimi nilifanyiwa hivi hivi na bado inaniuma. Fundi aliyekuwa akisifiwa na kila mtu alipima yangu huku aksileta imelala, akapata takriban 90 pande zote, akatangaza silinda zimelika. Injini ikashushwa. Nikanunua pistoni, ringi, gasketi, beringi za pini. Hedi ilipotoka, kuta za silinda zilikuwa bado na michirizi yake ya honi (mistari myembamba ya kunolewa kiwandani), pistoni hazina mkwaruzo. Nikamwonyesha. Akajibu, "Tumeshafungua, tubadilishe tu." Alipomaliza kufunga akapima kwa mtindo wake uleule, namba ikatoka ileile, akaanza kulaumu spea! Mwenzangu mmoja ndiye aliyekuja akabana aksileta mpaka mwisho, akavuta kamba, na sindano ikapanda mpaka 125. Msimu wote wa theluji ulikuwa umeshapita injini ikiwa mezani. Mtu anayekula kwa kufungua injini za watu hana ruhusa ya kutojua jambo hili, na anayelijua akanyamaza ili auze spea ni mbaya zaidi. Huyo wako naye, muulize swali moja tu: aksileta ilikuwa wapi alipopima?

Sasa fanya hivi. Ipashe injini moto kidogo, izime, funga koki ya petroli, toa plagi ZOTE mbili. Usitoe moja ukaiacha nyingine. Ukivuta kamba na aksileta wazi, injini inaweza kushika kwa silinda moja ikiwa na resi yote, na pikipiki ikaruka nawe ukiwa mbele yake. Bonyeza swichi ya kuzimia, na waya za plagi ziguse chuma cha injini: cheche isiyo na pa kwenda inaweza kuua boksi la umeme wa kuwashia, na mvuke wa petroli unaotoka kwenye matundu ya plagi unasubiri cheche hiyo hiyo. Funga geji kwenye tundu la plagi. Mwambie mtu akubanie aksileta mpaka igote. Vuta kamba kwa nguvu, tena na tena, mpaka sindano iache kupanda. Kuvuta mara mbili na kusoma hakutoshi.

Karibu na usawa wa bahari, nyingi ya injini hizi zikiwa na afya husoma kama 120 hadi 130, ingawa kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Chini ya 100 mimi huanza kuchunguza. Ukiwa mlimani hewa ni nyepesi: injini ya 120 inaweza kusoma karibu 100 kwenye mita 1,500, na haina ugonjwa wowote. Ninachokiangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, hapo kuna jambo. Zikishuka zote mbili kwa kiasi kilekile, shuku kipimo kwanza. Na uangalie kivalvu kidogo kilicho kwenye ncha ya geji: kuna watu hukibadilisha kwa kile cha tairi, ambacho springi yake ni ngumu, na geji inaanza kusoma chini kila siku.

Ukipima aksileta ikiwa wazi kweli kweli, na silinda moja bado iko chini, hata hapo usikimbilie hedi. Toa bomba la ekzosi, mulika tochi kwenye tundu lake, zungusha injini polepole kwa mkono na utazame ubavu wa pistoni na ringi. Mikwaruzo ya kusimama au ringi iliyonata utaiona kwa macho yako bila kununua gasketi hata moja. Pima leo, uniandikie namba zote mbili, na useme uko mita ngapi juu ya bahari.