Bati linavuja, nikate kwenye kodi?

SWALI: Shikamoo mshauri. Nimepanga chumba na sebule hapa Chikongola, Mtwara, nimelipa miezi sita, sasa mvua za mwezi wa tatu hizi bati linavuja mpaka godoro la mtoto limeloa chapachapa, mwenye nyumba nikimpigia ananiambia nisubiri auze korosho. Naweza kutengeneza nikakata kwenye kodi?

JIBU: Marahaba, pole sana dada. Korosho mpaka mwezi wa kumi huko, mtoto atalala wapi! Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba nyumba yake ifae kuishi muda wote mpangaji yupo, kwa hiyo bati ni lake. Ila usikate kimyakimya, atasema unadaiwa kodi akutoe. Mtumie meseji, sio kupiga, weka picha ya bati na ya hilo godoro, mwandikie bei aliyotaka fundi na kwamba utaikata kwenye kodi ijayo, akijibu sawa usiifute hiyo meseji hata simu ikijaa. Risiti tunza, fundi naye akusainie karatasi. Akigoma nenda Baraza la Kata wawasuluhishe, ikishindikana ndio Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mkataba wako ubebe.